Mpira Ubavuni mwa Baba Mkwe

Atuganile alikuwa mwulizaji tangu utotoni, na maswali yake ndiyo yaliyomwingiza kwenye kazi ya uuguzi. Miaka ile Wajerumani walikuwa wameshatawala, na misheni iliyokuwa karibu na ziwa, upande wa Itungi, ilikuwa na nyumba ya wagonjwa yenye paa la nyasi. Mumewe, Hezroni, alikuwa seremala wa misheni. Siku moja Atuganile alimpelekea chakula, akapita dirishani mwa wagonjwa, akasimama. Ndani, daktari Mjerumani alikuwa amempasua mtu jipu kubwa la paja. Usaha ulipokwisha kutoka, daktari hakulishona lile jeraha. Alichomeka humo kipande cha mrija wa mpira, mwembamba kama bua la mtama, akakiacha kichwa chake nje.

Atuganile alishindwa kuvumilia. "Mbona mmemwachia tundu?" aliuliza kwa sauti.

Muuguzi wa Kijerumani, ambaye watu wote walimwita Shwesta Elizabeth, aliinua macho akamwona mwanamke mwenye kikapu kichwani. "Tukifunga mlango wa juu, uchafu utabaki chini," alisema kwa Kinyakyusa chake cha kukatakata. "Kidonda hiki kinatakiwa kipone kuanzia ndani. Ukitaka kuona zaidi, nawa mikono uingie."

Alinawa, akaingia, na hakutoka tena. Kwanza alipewa bandeji za kufua na vyombo vya kuchemsha. Baadaye akafundishwa kutazama kile kinachotoka mpirani: kikiwa kizito na kinanuka, mpira ukae, kikipungua na kuwa maji mepesi, ufupishwe kidogo kidogo, kikikoma, utolewe. Alijifunza kuondoa ile pini iliyozuia mpira usizame ndani, kisha kuvuta bila pupa, akitazama uso wa mgonjwa kuliko mkono wake mwenyewe. Kila mpira aliouvuta ulimwachia hamu ya kujua ulikuwa umefika wapi.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Atuganile asingeweza kumtazama usoni, naye alikuwa baba mkwe wake wa Ndandalo. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana hakutani na baba mkwe. Akimsikia anakuja njiani, hujitosa migombani. Jina lake halitamki, wala neno linalofanana nalo. Mzee huyo aliitwa Mwangomo, kwa hiyo tangu aolewe Atuganile hakuwahi kutamka neno ngoma; alisema "kile kinachopigwa," na watu wakamwelewa.

Basi masika moja Mzee Mwangomo akaletwa misheni kwa machela. Alikuwa ameugua kichomi, homa ikashuka ikapanda, sasa hawezi kuvuta pumzi wala kulala chali. Daktari aligonga kifua chake kwa vidole, akasikiliza, akasema upande wa kushoto umejaa usaha. Akampasua kati ya mbavu. Usaha ulitoka hadi watu waliokuwa ukumbini wakaziba pua. Kisha mpira ukawekwa.

Atuganile hakuwepo chumbani. Alijibanza jikoni, akachemsha vyombo na kuvipitisha mlangoni huku amegeuza kichwa. Siku zilizofuata, mambo ya mzee yalifanywa na Zebedayo, msaidizi wa kiume, naye Atuganile alimdodosa bila kuchoka. Mpira umetoa nini leo? Rangi gani? Analalamika anapokohoa?

"Si uende ukamwulize mwenyewe," Zebedayo alimtania.

Kisha daktari akaitwa milimani kwenye boma, akaondoka na Zebedayo kumbebea vyombo. Walikuwa hawajarudi Shwesta Elizabeth aliposhikwa na homa. Akiwa kitandani, anatetemeka chini ya mablanketi mawili, alimwita Atuganile.

"Mpira wa yule mzee umeshakauka," alisema. "Nyama zinaanza kuubana. Ukikaa zaidi utamuumiza. Unatakiwa utoke leo."

"Shwesta, yule ni mkwe wangu."

"Najua. Sikulazimishi. Lakini mimi siwezi kusimama."

Atuganile alikwenda karakana kwa mumewe. Hezroni alisikiliza, akaweka randa chini. "Nivute mimi?" alisema. "Nikiona damu naanguka, unanijua. Kamwulize yeye. Akikataa, tutangoja."

"Nitamwulizaje mtu nisiyeruhusiwa kusema naye?"

Njia ilipatikana kwa Bibi Tusekile. Huyu alikuwa Mkisi, mfinyanzi wa vyungu kutoka mwambao, aliyelazwa kwa donda la mguu. Wanawake walilala upande mmoja wa nyumba na wanaume upande wa pili, katikati umetundikwa mkeka. Tusekile aliketi penye ukingo wa mkeka, aone huku na huku.

"Bibi," Atuganile alisema kutoka upande wa wanawake, "mwambie aliyelala kule kwamba mpira wake umemaliza kazi. Hakuna wa kuutoa ila mimi. Nauliza kama anakubali."

Tusekile alifungua kinywa, lakini sauti ya mzee ilimtangulia. "Mwambie huyo anayesema nyuma ya mkeka: nitakubali nikijibiwa. Kitu hiki kimefika wapi ndani yangu? Kimegusa moyo? Nimemwuliza daktari, nimemwuliza Zebedayo, wote wananiambia lala."

Atuganile aliusogelea mkeka. Lile lilikuwa swali lake yeye! Akajibu, akisahau kumpa Tusekile nafasi ya kurudia maneno: kwamba moyo uko mbele kidogo na mpira haukuufikia, kwamba pafu lilikuwa limesukumwa na usaha likasinyaa, na sasa linatanuka kujaza nafasi yake.

Mzee alipapasa bandeji ya ubavuni mwake. "Mwambie aje," alisema. "Nitageukia ukuta. Ila akishautoa asiutupe. Nataka kuuona."

Atuganile alinawa mikono kwa dawa mpaka ngozi ikawasha. Alijitanda nguo kichwani, akapita upande wa pili wa mkeka akitazama chini. Mgongo aliouona ulikuwa umekonda, mifupa imejichora. Alifungua bandeji, akainusa. Haikunuka. Akachomoa pini, akashika kichwa cha mpira.

"Bibi, mwambie avute pumzi aishike."

"Anasema uvute—" Tusekile alianza, na papo hapo kikohozi kikampanda mzee. Mpira ulikuwa umeshaanza kusogea. Akivuta hewa kwa nguvu wakati tundu liko wazi, hewa itaingia kifuani kwa njia isiyo yake. Hapakuwa na muda wa kupitisha maneno kwa mtu.

"Tata, shika pumzi!" Atuganile alisema kwa ukali.

Mzee alishika. Mpira ulikwama kidogo, akauzungusha taratibu, ukateleza nje wote, na kiganja chake cha kushoto kikafunika tundu kwa kitambaa kabla mzee hajapumua. "Sasa pumua," alisema, akamfunga bandeji akiikaza.

Ndipo alipotambua alichofanya. Amemwita tata, yaani baba, amemwamrisha, tena mbele ya watu. Tusekile alijishika shavu.

"Mpira uko wapi?" mzee aliuliza, bado ameukabili ukuta.

Aliuweka mpira juu ya kipande cha jani la mgomba, akaupitisha juu ya bega la mzee. Mzee aliupokea, lakini kule ukutani kulikuwa na giza. Akajigeuza kuelekea dirishani apate mwanga, na macho yao yakakutana. Atuganile aliona uso mrefu wenye kovu dogo juu ya nyusi, unaofanana na wa Hezroni kuliko alivyodhani. Hakuna aliyekimbia. Mzee aliinua mpira, akachungulia ndani yake.

"Mbona una vitobo ubavuni?"

"Kimoja kikizibwa na uchafu, vingine vifanye kazi."

"Ahaa." Aliugeuza tena. "Na nani aliyewaza hivyo kwanza?"

"Sijui, tata. Hata mimi nataka kujua."

Mzee alipona, akarudi Ndandalo. Huko ndugu walimjia juu, wakisema mkamwana amevunja heshima na balaa itafuata. Mama mkwe alimnunia Atuganile muda mrefu. Mzee Mwangomo aliwasikiliza, akafunua ubavu wake wenye shimo la kovu. "Amekwisha ona ndani," alisema. "Mnataka nimfiche cha nje?" Hakufuta desturi kwa wake za wanawe wengine, wala hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Lakini kila alipokuja misheni alipitia nyumba ya wagonjwa na swali jipya.

Vita vilipokuja, na Wajerumani wakaondoka mwambao ule, Atuganile aliendelea na kazi kwa vyombo vichache vilivyobaki. Wapagazi waliletwa na vidonda vilivyooza, naye akawasafisha, akawawekea mipira, akaitoa. Mgonjwa akiuliza ndani yake kuna nini, aliketi pembeni mwa kitanda akamweleza.