Fundo la Hapsa Penye Kaburi la Walii

Mke wangu Hapsa alikuwa fundi wa viriba. Kijijini kwetu, huku milimani juu ya Sardasht, mwenye mbuzi wa maziwa alimletea ngozi, naye akailoweka kwenye maji ya mazu mpaka ikawa kiriba cha kusukasukia maziwa. Mazu ni vile vinundu vya mwaloni. Nyigu mdogo hutaga kwenye kijiti, mti unavimba, na mtoto wake anakulia mle ndani. Sisi huvichuma kabla nyigu hajatoboa. Chenye tundu hakina nguvu.

Hatukujaliwa mtoto. Nasema mara moja, inatosha.

Shilan alikuja wakati wa vuli, binti wa chuo kutoka Sanandaj, akafikia kwetu. Alikuwa akitafuta nyigu, lakini si yule anayejenga kinundu. Alimtaka mwingine, anayetaga ndani ya kinundu cha mwenzake, watoto wake wakala na kulala humo bure.

"Mpangaji asiyelipa," Hapsa akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kama wewe tu. Kunywa, chai inapoa."

Katika utando wa buibui, kwenye mialoni ya makaburini, penye kaburi la walii wetu, Shilan alikuwa ameokota nyigu mmoja aliyevunjika, asiyefanana na yeyote anayejulikana. Kwingine mialoni mikubwa ilishakatwa kwa mkaa. Pale kwa walii hakuna anayeigusa. Ili nyigu huyo akubaliwe kuwa wa aina mpya, walimu walitaka walio wazima, madume na majike, na kinundu walimotoka kijulikane. Huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Akiwakosa, angerudi kwa baba yake kuuza vioo vya magari.

Taabu ilikuwa Sofi Mirza, mlinzi wa kaburi. Pale huchumi jani, huokoti hata kijiti.

"Vinundu tu, ami," Shilan akamsihi.

"Kinundu ni cha mti. Mti ni wa walii. Kamwombe mwenyewe."

"Basi nifunge chandarua kwenye tawi, niwanase wakitoka."

"Chandarua! Walii anaumwa na mbu?"

Hapsa hakubishana naye. Alirudi nyumbani, akachukua kitambaa chake cha kuchujia mtindi, akashona mfuko. Wanawake wetu hufunga vitambaa pale wakiweka nadhiri, na fundo la mtu haliguswi na mwingine. Yeye mwenyewe alifunga vingi enzi zake. Akalivika mfuko tawi lenye vinundu, akakaza. Nadhiri husemwa kimoyomoyo, lakini Hapsa hakujua kunong'ona. Makaburi yote yalisikia.

"Huyu binti ampate mdudu wake, na mkate utaokwa nyumbani kwangu, waule wote wapitao hapa!"

Sofi akaguna. "Kitambaa ni kitambaa," akasema, akaenda zake.

Theluji ilipoanguka, Hapsa akashikwa na kifua. Mwaka mpya haukumkuta. Tulimzika palepale makaburini, upande wa pili wa mwaloni ule.

Shilan alikuja matangani. Akaja tena mialoni ilipochipua, tukaenda wote makaburini. Ndani ya kitambaa kulikuwa na vitu vinavyotembea, vidogo kama ufuta.

"Wakishatoka hawaishi sana," akaniambia. "Na mvua ile inakuja. Wakiloa wataoza, ami, nitakuwa sina kitu."

Sofi akasimama kati yetu na tawi. "Fundo hulifungua aliyelifunga, nadhiri ikishajibiwa. Aliyelifunga yuko pale." Akaonyesha kwa fimbo.

Shilan akaanza kufunga mkoba wake.

"Sofi," nikasema, "maiti akiacha deni, hulipa nani?"

"Wa nyumbani kwake."

"Basi nipo."

"Upo, sawa. Nadhiri imejibiwa? Aliomba binti ampate mdudu. Amempata?"

"Atampata fundo likifunguka."

"Na fundo lifunguke akishampata!" Sofi akapiga fimbo chini. "Lo, mkeo huyu! Yuko chini ya udongo na bado anatufunga mikono."

Nikacheka. Tangu mazishi sikuwa nimecheka.

"Hebu tazama mwenyewe," nikamwambia.

Macho ya Sofi si mazuri. Alisogea mpaka pua ikagusa kitambaa, akakaa hivyo. Mdudu mmoja akapanda taratibu upande wa ndani.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, ami. Yule wa miguu ya njano."

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi si umempata? Unangoja akusalimie?" Akanigeukia. "Fungua, bwana. Mvua hiyo."

Hapsa alikaza fundo kama la kiriba, nilitumia meno. Shilan akaweka mrija mdomoni akawa anawavuta mmoja mmoja mpaka kwenye chupa.

"Anawavuta kama tumbaku," Sofi akasema. "Usimeze, mwanangu!"

Matone ya kwanza yalianguka akiwa anaifunga chupa.

Ikabaki mkate. Shilan alikanda, mimi nikabandika tanurini. Sikuwahi kuoka maishani. Uliungua upande mmoja, upande wa pili ukawa mbichi. Tukasimama penye njia ya makaburini tukigawa. Dereva wa lori la mchanga akaugeuzageuza.

"Mzee, huu ni mkate au kandambili?"

"Ni nadhiri. Kula."

Akala.

Mwaka mzima Shilan alilinganisha mabawa na vipapasio vya nyigu wake na wale wa nchi nyingine. Kweli, hakuna aliyewahi kumwandika. Amepewa jina la mlima wetu, refu, sijaweza kulitamka. Shilan sasa anafundisha, na vuli ikifika nasikia gari lake likipanda kilima.

Nashukuru, Hapsa. Mkate ulikuwa mbaya, lakini watu waliumaliza.