Maji Niliyoyamwaga kwa Mama Kulwa

Siku ile naikumbuka kwa kiu yake, mwanangu. Kiangazi cha Nyahanga, vumbi mpaka kwenye meno, na mimi natembea nyuma ya Fundi Ramadhani nimebeba mwiko, kamba na pimamaji. Nakwambia habari hii kwa sababu jana nilikusikia ukimfokea mteja mlangoni, eti anakudharau kwa kuwa kaomba umpunguzie. Unafanana nami mno. Hilo ndilo linanitisha.

Fundi Ramadhani alikuwa mwashi, mtu wa Ujiji, kaja huku kufuata kazi, hana mke wala ndugu. Mimi wazazi walikuwa wamekwisha kufa, akanichukua, nikawa mtoto wake. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwa makaratasi ya kufungia sukari, na nilipozijua herufi nikadhani nimeijua dunia. Na mdomo nilikuwa nao! Mtu akimgusa fundi wangu kwa neno moja tu, mimi nishawaka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, msimu pamba ilipoanguka bei. Pamba ikianguka Usukumani, huulizi kingine kimeangukaje. Watu waliojenga nyumba za bati wakati wa neema hawakuwa na cha kuzibia tundu. Mafundi tukawa wengi kuliko kazi. Wengine wakawa wanakubali bei yoyote, halafu wanaiba kwenye mchanganyiko: saruji kiganja, mchanga karai zima. Lipu inapendeza leo, mvua ya kwanza iko chini.

Mzee wangu alikuwa na njia yake. Anaizunguka nyumba, anagonga ukuta kwa kidole, anasikiliza. Kisha anamwambia mwenye nyumba, "Vya dukani sipunguzi, dukani hawajui shida yako. Tupunguze kazi." Yaani mwaka huu tufanye kinachobeba nyumba, urembo ungoje pamba. Jasho lake alikubali kulipwa hata mtama, hata kuku. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta; yeye aliongeza, "Lakini anza na ufa ulio chini ya paa." Na akishataja bei, anaomba maji ya kunywa. Kila nyumba. Mimi nikidhani mzee ana kiu tu.

Basi tukafika kwa Mama Kulwa. Mumewe alikuwa mgonjwa, kalala ndani. Ukuta wa nyuma umevimba kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa, bati limeliwa na kutu. Lakini mama mwenyewe anataka lipu na chokaa upande wa mbele, maana wakwe wanakuja kumposa binti yake.

"Mayu, chokaa haishikilii paa," fundi akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mama Kulwa akacheka. "We mzee, wakwe wapokelewe mgongoni?"

"Mgongo ndio unaobeba mtoto, mama."

Akataja bei ya ukuta wa nyuma na bati. Akaomba maji. Mama akaingia ndani, akakawia.

Sasa elewa, mwanangu, tulikuwa tumekaa muda mrefu bila kazi. Kodi ya kichwa ilikuwa inamngoja mzee, na alikwisha kuniambia: hii ikikosekana, anakwenda machimbo ya Geita. Akienda, mimi nabaki na nani? Nikasimama pale juani nachemka.

Mama akarudi na kata ya maji, kaishika kwa mikono miwili. Akasema taratibu, "Baba, kuna kijana kasema atafanya mbele na nyuma kwa nusu ya hiyo."

Sikumngoja fundi. Nikajibu mimi.

"Nusu? Basi mpe huyo mwizi! Huyu mzee unamjua wewe? Tunakaushwa na jua kama ombaomba, unatuletea maji na matusi!"

Nikampokonya ile kata, nikayamwaga maji mbele ya miguu yake, nikaitupa chini.

Maji ya kiangazi! Yametoka kisima cha mbali, kichwani kwa yuleyule binti anayeposwa. Ardhi ikayanywa palepale. Mama Kulwa akaiokota kata yake, akaingia, akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningepona.

Tulipokaribia nyumbani mzee akasimama.

"Shija, unadhani maji naomba kwa kiu? Mwenye shida hawezi kupima uwezo wake huku umemkodolea macho. Nampa sababu ya kuingia ndani, aulizane na mumewe, aibu yake imalizike hukohuko. Akitoka, anataja anachoweza. Pale ndipo mazungumzo yanaanza. Wewe umeyamaliza."

"Nilikuwa nakutetea, baba."

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kukuchapa."

Wiki hiyo alipanda lori la Geita, akaniachia mwiko na pimamaji. Dereva mmoja alisema kamwona njiani, Masumbwe. Mwingine akasema amekwisha kupita. Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi methali hiyo niliitenda kabla sijaielewa. Nikawa napika ugali wa watu wawili, mkono umezoea, asubuhi nala kiporo. Nimekula kiporo muda mrefu, mwanangu.

Mawingu yalipoanza nikarudi kwa Mama Kulwa. Lipu ya yule kijana wa nusu ilikuwa imekwisha kupasuka mbele, nyuma hakupagusa. Nikachuchumaa.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

Nikaugonga ukuta kwa kidole. Nikamwambia paa tutalishika kwa nguzo, ukuta tuushushe, matofali yaliyo mazima tuyarudishe. Vya dukani sipunguzi. Jasho langu atalilipa mtama akivuna. Nikataja bei. Kisha nikasema, "Naomba maji ya kunywa, mayu."

Akaniangalia. Akaingia. Nikasikia wananong'ona na mumewe. Safari hii sikulalamikia jua.

Akatoka na kata mbili. Moja akanipa, nyingine kaishika, anatazama njia nyuma yangu.

"Na mzee wako?"

"Alikwenda Geita."

Akaiweka ile kata chini kivulini, akataja anachoweza, nikakubali. Nilifanya kazi mpaka jioni, na maji yale yapo palepale, hakuna aliyeyagusa.

Sasa nikuusie. Nyakati zikikaza, usipunguze saruji, punguza kazi, na umwambie mtu ukweli wa kipi kingoje. Ukishataja bei, mwachie mwenzako mlango wa kuingia kufikiri. Anayeomba nafuu anapigana na mfuko wake, wewe hakukugusa. Na unayempenda, usimtetee kabla hujajua anafanya nini.

Mungu aupe mkono wako kazi na mdomo wako subira. Usije ukapika chakula cha watu wawili ukala peke yako. Haya, inuka. Nenda kwa yule mteja wa jana, ukamwombe maji.