Dada wa Manyoni Aliyenipisha Golini

Watu wakiniuliza nilianzaje kulinda goli la mpira wa mikono, huwaambia ukweli kwamba sikuchagua. Nilikuwa kidato cha pili, Sepuka, mkoani Singida, na mwalimu wa michezo alitafuta msichana asiyefumba macho mpira ukimjia. Alitupanga mstari akaturushia, mmoja baada ya mwingine. Wenzangu waliinama na kujifunika nyuso. Mimi nilisimama tu, ukanipiga kifuani.

"Huyu hapa," akasema.

Kipa wa mchezo huu hazuii kwa mikono peke yake. Mpigaji anaruka hatua chache mbele yako, na wewe unatanua mikono na miguu ili mpira ukukute popote. Nilirudi nyumbani mapaja yamevilia damu. Mama alinikanda kwa maji ya moto huku akinung'unika kwa Kinyaturu kwamba hajawahi kuona mchezo wa kupigwa. Lakini ni yeye aliyechukua suruali kuukuu ya baba akaipunguza kiuno, maana kipa huvaa suruali ndefu. Baba alipoguna, mama akamjibu, "Bora avae hiyo kuliko achubuke magoti."

Mwaka uliofuata niliitwa timu ya mkoa, tukaweka kambi Singida Mjini. Huko nilimkuta kipa namba moja, msichana wa kidato cha tano kutoka Manyoni, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Nilimwita dada tangu siku ya kwanza. Nilitegemea atanibania, kwa kuwa nafasi golini ni moja. Badala yake aliniamsha kila asubuhi kabla ya wenzetu, tukaenda uwanjani wawili tu, upepo wa ziwa lililo kando ya mji ukitujaza vumbi machoni.

"Usiufuate mpira, utakudanganya," alinifundisha. "Angalia bega lake."

Kwenye mashindano ya taifa nilikaa benchi tangu mechi ya kwanza mpaka fainali. Katika fainali hiyo, zikiwa zimebaki sekunde chache na timu zimelingana, wapinzani wetu wakapata penati. Mpigaji wao alikuwa ameshamfunga dada penati tatu siku hiyo.

Dada akatoka golini, akaja benchi.

"Umeumia?" kocha akamuuliza.

"Hapana, mwalimu. Muingize mdogo wangu. Huyu mpigaji ameshanisoma."

Kocha akanigeukia. Kabla sijasema lolote, dada alikuwa ameshanishika mkono na kuninyanyua. "Anapenda kupiga chini," akaninong'oneza. "Mguu wako ni mwepesi kuliko wangu."

Nilisimama golini nikiwa sisikii uwanja. Nikaona bega la yule msichana likishuka, nikatupa mguu wa kushoto. Mpira ulinigonga kisigino ukatoka nje. Tukaenda muda wa nyongeza, kocha akaniacha palepale, tukashinda kwa goli moja. Dada ndiye aliyekuwa wa kwanza kunirukia.

Baada ya mechi, mwalimu wa timu moja ya jeshi aliulizia habari za yule kipa mdogo. Hivyo ndivyo nilivyopata timu, kisha kazi, kisha ubingwa wa nchi zaidi ya mara moja, na jezi ya taifa. Dada hakuulizwa na mtu. Miaka yote niliyocheza, nilihisi nimebeba kitu kisicho changu, na kwa aibu hiyo sikumtafuta.

Goti liliponistaafisha, nilisafiri hadi Itigi, ambako niliambiwa dada ni muuguzi. Nilimkuta zahanati akipima watoto uzito.

"Shikamoo dada."

Alinitazama juu mpaka chini. "Marahaba mdogo wangu. Mbona umechelewa hivi?"

Mchana alinipeleka kwake, akanipikia ugali wa mtama na mlenda. Nikamuuliza lile swali lililokuwa likinisumbua, kama hakuwahi kujuta.

"Nijutie nini?" akasema. "Nilitaka tushinde. Ningebaki golini tungefungwa, nawe ungebaki benchi. Uuguzi nilikuwa nautaka tangu nikiwa mdogo, mpira ulikuwa wa shule tu." Akanisogezea bakuli la mlenda. "Mechi zako nilikuwa nazisikiliza redioni. Ukizuia, nawaambia wagonjwa kwamba huyo nimemfundisha mimi."

Nilimshukuru, kwa maneno machache kuliko niliyokuwa nimeyaandaa njiani, maana machozi yalinizidi. Akazipokea shukrani zangu.

Sasa nafundisha makipa wa shule pale Singida Mjini, na kila Jumapili akitoka kanisani dada hunipigia simu. Tunaongea kuhusu watoto wake, mvua, na goti langu. Mwezi uliopita alikuja kunitembelea, akakaa pembeni ya uwanja siku nzima, akiwakosoa mabinti wangu mmoja mmoja, na wote wakamsikiliza.