Glavu za Kavitha

Juzi dukani nilinusa glavu nene za kuoshea vyombo, nikajikuta tena mtoto katika mtaa wa Chatsworth, kwenye ua wa Wahindi waliotupangisha chumba cha nyuma. Kavitha, binti wa mwenye nyumba, alikuwa anadunda mpira wa kikapu huku amevaa glavu za mama yake. Mimi nilidhani najua sababu. Mama alikuwa ametuonya kwamba dini ya wenyeji wetu haitaki nyama ya ng'ombe, na mpira ule ulikuwa wa ngozi. Nikamwonea huruma, nikamletea mpira wangu wa plastiki.

"Dada, huu si wa ng'ombe."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanivika glavu zake.

"Haya, dunda."

Mpira ulinitoroka mara tatu, ukaangusha sufuria za bibi yake.

"Eish, umeona? Nikiweza kuudunda na hizi, bila hizi hautanitoroka kamwe. Jumamosi kocha wa chuo kikuu anakuja shuleni kututazama. Watu wanasema Wahindi tubaki na kriketi yetu. Siku hiyo nitazivua, waone mikono yangu."

Alipohamia chuoni kuchezea timu yao, aliniachia zile glavu. Vidole vyote kumi vilikuwa vimetoboka.