Kazi ya Kuamsha Mawese

Siku yangu ya kwanza ya kazi, patron hakunionyesha meza wala kiti. Alinipeleka nyuma ya depo yake ya Butembo, mahali palipopangwa mapipa ya mawese yaliyotoka Beni, akaniambia: "Haya yamelala. Uyaamshe. Lakini polepole, kama vile unaamsha mama mukwe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ninyi vijana munaonunua mawese ndani ya chupa mutauliza: mafuta yanalalaje? Nitawaambia. Mimi nilifika mwaka wa tatu wa primaire tu, kisha jembe likaniita. Lakini nyumba yangu ni ya matofali na watoto wangu wamesoma mpaka université, yote kwa kazi hii, kwa hiyo sioni haya kufundisha mutu.

Beni kuna joto. Kule mawese ni maji mekundu, yanakimbia. Camion, lile lori la mapipa, ikianza kupanda kuja Butembo, baridi inayashika: yanakuwa mazito kama uji, wekundu unafifia, yanageuka manjano. Ukiyafikisha Lubero kwenye viazi na ukungu, yameganda kabisa, utayakata kwa kisu. Na ni mafuta yale yale. Hakuna mutu aliyeongeza kitu. Joto tu limeondoka, limeyaacha.

Aliyenifundisha kazi ni gérant, musimamizi wa depo ile, mutu mwenye kovu la moto shingoni. Hakupenda maneno mengi. Alinionyesha kwamba maji ni mazito kuliko mafuta: yakiingia ndani ya pipa yanashuka na kujificha chini, na juu huoni kitu. Ukiweka pipa juu ya moto wenyewe, maji yale ya chini yanachemka, yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia ya kutoka, na njia yake ni kurusha mafuta yote usoni kwako. "Hivi," akasema, akagusa shingo yake.

Kwa hiyo tulisimamisha pipa ndani ya tanki la chuma lenye maji, na moto ukakaa chini ya tanki. Maji yakishachemka, hata ulete kuni za musitu muzima, joto lake halipandi tena. Yanakuwa mvuke, yanakwenda zake. "Maji ni barrière," gérant alisema. "Moto hauvuki."

Nilipenda sana saa ile ya kungoja. Kwanza ukingo wa pipa unaanza kung'aa, mustari mwekundu mwembamba. Kisha donge la katikati linaachana na chuma, linaelea, linazunguka lenyewe bila sauti, kama kilima kinachotembea ndani ya ukungu. Nilikuwa ninatazama mpaka ninasahau jina langu.

Baadaye patron alinituma Beni, kwenye commune ya Ruwenzori, kununua mawese yakitoka motoni. Huko nilijifunza kwamba mafuta ya moto yamevimba. Ukijaza pipa yakiwa moto, yatafika kwenye baridi yamepungua vidole vitatu ao vine, na katikati kuna shimo kama kitovu. Wanunuzi wa Lubero walijua. Waliangalia kitovu kile, wakalipa bila kelele. Nilipopewa depo ya Lubero kuwa mukubwa wake, vita ikanikuta huko.

Askari walioshika barabara wakati ule walitaka mawese ya chakula. Commandant wao alikuwa mutu wa mbali, wa kule kwenye muto mukubwa na joto. Alikwenda Beni yeye mwenyewe, akasimama pale pipa lake likijazwa mafuta ya moto, na kwa kisu akakwaruza alama ndani ya chuma, mahali mafuta yalipofika. Kisha akatangulia na jeep. Pipa lilikuja na shofere wetu Kambale, mume wa dada yangu. Mvua ikamushika njiani.

Alifika kwangu Lubero asubuhi, ukungu bado umekaa barabarani. Commandant alikuwa anamungojea. Tulifungua mufuniko. Alama ilikuwa juu, peke yake, kama musafiri aliyeachwa na camion. Mafuta yalikuwa chini yake, manjano, magumu, na kitovu chake.

"Papa, oyo nini?" commandant akaniuliza kwa Lingala. Hii ni nini? Akachoma kisu ndani, akanusa. "Mulikula mafuta yangu, mukatia mafuta ya ngombe."

"Hapana, mon commandant. Imelala tu."

"Weye utanifundisha mawese? Mama yangu alinisomesha na mawese! Kwetu mafuta hailalake!"

Alisema kweli, na hatari ilikuwa pale. Mujinga utamufundisha. Huyu aliyajua mawese tangu mugongoni mwa mama yake. Kitu kimoja tu hakijawahi kufika kwao: baridi.

Wakamufunga Kambale mikono, wakamukalisha chini. "Uiamshe basi," commandant akaniambia. "Ikirudia kwa alama yangu, huyu anaenda kwake. Isiporudia, tunaenda naye."

Kila mutu wa Lubero alijua: waliokwenda nao hawakurudi.

Nilisimamisha pipa ndani ya tanki la maji, nikawasha moto chini yake. Kambale, ambaye mudomo wake haufungwi hata na kamba, akaniita: "Shemeki, fanya vizuri. Nikikufa, dada yako atarudia kwako na batoto bote. Na unajua vile banakulaka."

"Nyamaza, nisikie moto," nikamujibu.

Commandant alichoka upesi. "Toa hii maji! Weka pipa juu ya moto yenyewe!"

"Hapana," nikasema. Mutu mwingine angetafuta neno la kupaka asali. Mimi sina. "Chini ya mafuta kunaweza kuwa maji. Itaruka, itatupika sisi wote, na wewe wa kwanza. Mama yako hakukukatazaka kusimama karibu na mafuta ya moto yenye maji?"

"Alinipigaka juu ya ile," akasema. Akaketi juu ya jiwe.

Basi tukangoja. Askari wake, watu wa joto, walitetemeka, wakakusanyika kwenye moto wangu. Walichoma viazi ndani ya majivu. Harufu ya mawese ikaanza kupanda, na kila mutu akawa kama amekwenda kwao bila kuaga. Wengine walilala, bunduki katikati ya magoti. Kambale naye alilala na kamba zake, akakoroma. Commandant peke yake alisimama kando ya pipa, anatazama donge la manjano likizunguka, likiwa dogo, likiwa dogo tena, mpaka likaisha, na hakuona kingine. Aliingiza kidole, akalamba. Baadaye akaingiza tena.

Mafuta yalipanda. Wekundu ulirudi, na kidole kwa kidole yakasogelea alama. Kisha yakasimama, nusu kidole chini yake.

Niliangalia. Yalikuwa mekundu tupu, moto, mepesi. Yalikuwa yameamka yote. Hakuna kingine cha kupanda.

"Na hii nusu?" commandant akauliza. Kambale aliamka. Safari hii hakutania.

Commandant akaita askari wake waje wamuchukue. Wakaja mbio, wakajipanga mbele yake, na ndipo alipoona midomo yao. Ilikuwa inang'aa, myekundu, mpaka kwenye kidevu. Mumoja alikuwa bado ameshika kiazi nyuma ya mugongo, na mawese yanamutiririka kwenye kiwiko.

Commandant alimutazama kila mumoja. Kisha akafuta kidole chake kwenye suruali.

"Mumufungue," akasema. "Na munipe kiazi."

Nilifanya kazi ile mpaka patron alipokufa na watoto wake wakauza depo. Sasa niko Butembo. Ninaweka chupa ya mawese dirishani: asubuhi imelala, muchana jua linaikuta, inaamka yenyewe, na mimi ninaitazama. Watoto wangu wanasema baba amekuwa mutu wa ndoto. Kweli, lakini ndoto hizo ndizo ziliwalisha.

Siku ya Mungu, Kambale anatoka misa anakuja kwangu kula. Kila mara ninamuuliza: njiani kule, kwenye mvua, ile nusu kidole ilikuwa ya askari peke yao?

"Shemeki," ananiambia, "amusha mafuta. Viazi inapoa."