Maige Atafsiri Filamu ya Daktari wa Kunawa

Kwa miaka kumi na moja Maige alijipatia riziki kwa mdomo wake. Katika banda lake la video pale Mabatini alikaa kando ya runinga na kipaza sauti, akiwatafsiria watu filamu za Kichina na Kihindi. Pasipoeleweka, alitunga yake. Watu walimpendea hayo hayo.

Mwezi wa tatu akaja nesi Teodora, wa zahanati moja ya Igogo, na filamu fupi kwenye flashi. Ilimhusu daktari wa Ulaya, wa zamani sana, aliyegundua kuwa wenzake walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha, na kina mama wakafa kwa homa. Akawaambia madaktari hao wanawe mikono kwa maji ya dawa. Wakamdharau. Teodora alitaka itiwe sauti ya Kiswahili, waitazame wajawazito wanaosubiri kliniki.

Maige akaanza kurekodi kwa mtindo wake. "Oyaa, dokta huyo kaingia, hana habari!"

"Hapana, Maige," Teodora akamkatiza. "Huyo mama kitandani anakufa."

Maige akatazama vizuri. Mwanamke alikuwa akitetemeka ndani ya blanketi, siku chache tu baada ya kujifungua. Akazima mashine.

"Mama yangu alikufa hivyo hivyo," alisema. "Siku ya sita. Nilikuwa na miaka saba. Walisema karogwa."

"Nani alimzalisha?"

"Bibi."

Teodora akachomoa flashi yake. Walimaliza kesho yake, na safari hii Maige hakutia utani hata kidogo.

Jumapili alikwenda Buswelu kwa bibi yake, Kija, aliyemlea. Alimkuta akichambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Siku hizi unatafsiri vita gani?"

Njiani alikuwa ameazimia kunyamaza. Lakini bibi alimbana kwa maswali, naye hakuzoea kumdanganya. Akamsimulia filamu yote, ila mama yake hakumtaja.

Bibi Kija akasukuma ungo pembeni. "Sisi tulikuwa tunanawa tukishamaliza," alisema. "Kabla, hakuna aliyetuambia." Akamtazama. "Unamfikiria mama yako."

"Ndiyo, bibi."

"Hata mimi. Niliposema karogwa sikuwa naficha kitu. Ndivyo nilivyoamini."

"Najua," Maige alijibu, na kweli alijua. Hata hivyo akainuka upesi kwenda kumtekea maji.

Filamu ilianza kuonyeshwa kwenye zahanati mwezi wa tano. Wiki ya pili Bibi Kija aliomba apelekwe. Alikaa kwenye benchi katikati ya wajawazito, akatazama mpaka mwisho, kisha akamwita Teodora.

"Kule kwetu wapo vikongwe wenzangu, bado wanaitwa kuzalisha," alimwambia. "Njoo nayo Jumamosi. Mimi nitawakusanya."