Sauti ya Kuitia Mbuzi

Nimeipata ile simu. Ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai ambalo mama huwekea vifungo, sindano na funguo ambazo hakuna anayejua zinafungua nini. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kalamba kwa likizo ya Aprili, na kamba ya begi langu la chuo ilikuwa imekatika, kwa hiyo nilichotafuta ni sindano tu. Kioo bado kina ule ufa wa pembeni. Betri imefura hadi kifuniko cha nyuma kimeinuka. Nilibonyeza kitufe ingawa nilijua, na haikuwaka.

Nilikaa chini palepale na simu mbovu mkononi, na begi nikalisahau. Ngoja nikueleze kwa nini.

Unakumbuka mwaka ule shule zote zilipofungwa. Mimi nilikuwa darasa la saba. Mama alikuwa akifanya kibarua Kiboko, kwenye mashamba ya mbegu, na hakutaka nishinde peke yangu kwenye chumba cha kupanga nikihesabu malori ya Mombasa. Akanileta huku kwa mama yake, tuliyemwita susu kama Wakamba wote wanavyomwita nyanya. Akasema ni kwa wiki chache. Wiki hizo zilikuja kuwa karibu mwaka.

Mimi ndiye niliyepewa jina la susu. Kwetu hilo si jambo dogo. Mtoto mwenye jina la mtu huheshimiwa kama mtu huyo mwenyewe, na mama amekuwa akiniita "mwaitu", yaani mama yangu, tangu nikiwa natambaa. Ananituma maji na bado ananiita mama yake. Susu naye alipenda kunitazama kwa muda halafu aseme, "Wewe ni mimi, sema tu miguu yako haijachoka."

Mjomba alinipa simu yake ya zamani ili nipate kazi za shule. Mwalimu wetu alituma maswali kwa picha, na mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya boma la mbuzi. Picha ilifunguka polepole kutoka juu kwenda chini, na mara nyingi bando liliisha kabla ya swali la mwisho. Sikusikitika sana. Wenzangu wa rika langu walitumia simu kucheza ngoma na kujipiga picha midomo imebinuka. Mimi niligundua kwamba simu ile inarekodi sauti, na nikapotelea huko.

Nilirekodi kila kitu. Mchi ukipiga kinu siku za kukoboa mahindi ya muthokoi. Ungo. Maji yakijaa kidogokidogo kwenye shimo tulilochimba mchangani mtoni, hadi kata igonge mtungi. Mabati ya paa yakilia saa za jua kali, kama kuna mtu anatembea juu yake kwa uangalifu. Redio ya Kikamba ikitangaza vifo huku susu akiendelea kukaanga vitunguu. Nilijifunza kubana pumzi ili nisiharibu, kwa sababu kinasa kile kilisikia hata kuhema kwangu. Mchana, kukiwa hakuna kazi, nilijilaza chini ya ghala na kuisikiliza asubuhi yetu upya.

Siku moja nilikuwa nasikiliza susu akipepeta ndengu, na susu mwenyewe alikuwa hatua chache kutoka hapo, akipepeta ndengu. Alisimama akatega sikio. Ndani ya simu ungo uliendelea.

"Sasa niko wawili," alisema, "na kazi bado ni ileile."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini nilizima.

Sasa nikueleze alivyowaita mbuzi. Jua likikaribia kilima alisimama kwenye ukingo wa boma, kiganja mdomoni, na kuanza chini kabisa, sauti ambayo uliisikia zaidi kifuani kuliko masikioni. Ikapanda, ikapasuka mara mbili, halafu "ukai, ukai", njooni, njooni. Mwisho alikohoa kidogo. Kile kikohozi kilikuwa sehemu ya mwito, maana mbuzi walisimama mbele ya boma wakikingoja, na wakishakisikia ndipo wanaingia. Mama alijaribu kuiga mwito ule tangu akiwa msichana akashindwa. Jirani yetu mwenye sola, aliyetuchajia simu, alijaribu kwa mzaha, na mbuzi walimtazama tu huku wakitafuna.

Baada ya mavuno ya ndengu sauti yake ilianza kukwaruza. Alitafuna tangawizi. Akaletewa asali ya mzingani. Wakati ule watu waliogopa hospitali, na ukikohoa sokoni watu walikuachia njia, kwa hiyo alikaa nyumbani na kusema ni vumbi. Jioni moja alinikuta juu ya jiwe nikingoja maswali ya mwalimu yafunguke.

"Lete hiyo simu yako hapa," alisema. "Shika hii, kabla haijaenda."

Nikabana pumzi. Akaita. Sijawahi kumsikia akiita vizuri hivyo, na mbuzi walikuja mbio hadi vumbi likatufikia. Akakohoa, akanyamaza, akaniuliza kwa ishara kama imeingia. Baada ya siku hiyo alibaki na mnong'ono tu.

Kwa hiyo simu ikawa kifaa cha kazi kama jembe. Jirani mwenye sola alituazima spika ndogo, na kila jioni nilipanda jiwe, nikabonyeza, na sauti ya susu ikatoka hadi ng'ambo ya mto. Yeye alisimama kando yangu. Sikugundua mara moja alichokuwa akifanya. Alikuwa akichezesha midomo. Alivuta pumzi pale inapovutwa, akapanda pale inapopanda, na koo lake lilitetemeka mahali pake, ila hakuna kilichotoka. Sauti ilikuwa mkononi mwangu.

Jioni ya kwanza, mbuzi jike mzee aliyeongoza wenzake, yule wa pembe iliyovunjika, alimpita susu akaja kunusa spika. Susu akanyoosha mkono amguse mgongo. Mbuzi akasogea. Niliumia sana, nikataka kuitupa simu yenyewe mtoni. Susu alinishika kifundo cha mkono ili nisiizime, na kiganja chake kilikuwa baridi ingawa jua lilikuwa bado kali.

Kisha ikaja siku spika ilipoisha chaji katikati ya mwito. Midomo ya susu iliendelea, macho yake yakiwa kwenye vichaka vya ng'ambo, na hapakuwa na sauti yoyote, nakuapia, nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na meza hii. Mbuzi walikuja. Walipanda kutoka mtoni kwa mstari, wakanipita mimi na spika yangu, wakamzunguka yeye. Akamaliza. Akakohoa kile kikohozi, na hicho nilikisikia.

"Wamesikia nini, susu?" nilimuuliza.

Alinitazama kana kwamba swali langu ni la kitoto. "Si wameitwa," akanong'ona.

Alifariki mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza. Hospitalini walisema ni uvimbe kooni, na ulikuwapo muda mrefu. Mazishi yalikuwa ya asubuhi, ya haraka, watu wachache waliovaa barakoa na mchungaji aliyesimama mbali. Tulimzika hapa nyumbani, kati ya jiwe na boma.

Jioni ile mbuzi hawakurudi. Mama alikuwa jikoni na wanawake wa kanisa wakiosha sufuria. Nikafanya kazi yangu. Ukiniuliza nilikuwa nawaza nini, nitakuambia nilikuwa nawaza mbuzi. Nilipanda jiwe, nikabonyeza, na susu akaita.

Sufuria zilinyamaza zote. Mwanamke mmoja aliketi chini polepole, povu mikononi. Mbuzi walikuja upesi, lakini hawakwenda bomani. Walijipanga kando ya ule udongo mpya, vichwa vimeelekea huko, wakingoja. Kikohozi kilipotoka kwenye spika waliinua vichwa wote kwa pamoja, na bado hawakuingia.

Jirani yetu mwingine, mama mzee aliyekuwa rafiki ya susu tangu usichana, alinijia akanishika bega. Hakuwa na hasira. "Mtoto, mtu akishapumzika haitwi kazini," alisema. "Na wewe hujamwita tu. Umemfanya aite."

Mama aliichukua simu akaizima. Tangu siku hiyo mbuzi tuliwafuata kwa miguu, miiba ikatuchana, na wawili tukawapoteza. Nilimwomba mama aniachie nisikilize ndani ya nyumba tu, bila spika, sikio kwenye simu. Nililia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusahau na sikutaka kusahau. Mama alinijibu kwa upole ambao ulinitisha kuliko kofi.

"Na akiita hapo ndani, mbuzi wakuje mlangoni, nani atawaambia warudi?"

Sikuuliza tena. Shule zilifunguliwa. Mama aliacha kibarua akarudi kukaa huku. Mimi nikaenda bweni Mwingi, na sasa niko chuo. Lakini miaka hiyo yote nilikuwa na faraja moja, kwamba sauti ya susu iko mahali ndani ya nyumba yetu, na siku nitakapokuwa mtu mzima wa kutosha nitaiomba. Uraibu wa kurekodi haukuniacha. Nina mvua ya kila mtaa nilikowahi kulala, na mahamri yakikaangwa nje ya geti la chuo. Wenzangu wanasikiliza ujumbe wa sauti kwa kasi maradufu ili wamalize haraka. Mimi siwezi. Naona ni kumharakisha mtu asiyeweza kujitetea.

Mwezi uliopita nilimtumia mwenzangu wa chumba ujumbe wa sauti kwamba nitachelewa kurudi. Ni msichana niliyesoma naye Mwingi, hana mambo mengi. Nilipofika aliniuliza, "Na huyo mama mzee ulimpea simu ni nani?" Nilidhani ni mtandao mbaya, tukacheka.

Basi ndiyo hii simu. Niliipeleka sokoni kwa fundi, akaigeuza mara moja tu. "Hii ilienda kitambo, siste. Hata vitu vya ndani, sahau." Nilirudi nayo nyumbani kwa mguu, na nakuambia ukweli, nilimlilia susu njiani kuliko nilivyomlilia siku ya kumzika. Siku ile bado nilikuwa na sauti yake mfukoni.

Jioni mawingu yalikuwa mazito na mbuzi wamechelewa ng'ambo ya mto. Mama alikuwa jikoni akichambua kunde. Nilipanda jiwe kuwaangalia. Nilitaka tu kukumbuka mwito ulivyoanza, ule mwanzo wa chini, kwa hiyo nikaweka kiganja mdomoni na kuguna kidogo. Ukapanda wenyewe. Sikuusukuma. Ukapasuka mara mbili pale unapopasuka, na "ukai, ukai" ikaenda hadi ng'ambo ikarudi.

Mbuzi wa siku za susu hawapo tena. Wengine waliuzwa, wengine walikufa kiangazi. Hawa ni wajukuu, hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia. Walikuja mbio. Walipita kaburini, wakasimama mbele ya boma wakinitazama, hawaingii, na mimi sikuelewa wanangoja nini hadi nilipokohoa. Sikuwa na mafua. Wakainua vichwa, wakaingia mmoja baada ya mwingine.

Huko jikoni kitu kilianguka.

"Nakuja, mwaitu!" mama aliitikia.

Ameniita hivyo maisha yangu yote, kwa utani na kwa mapenzi, na najua jinsi anavyolisema. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa sauti ya msichana mdogo aliyeitwa na anajua amechelewa. Akatoka akijipangusa mikono kwenye leso, na macho yake yakaenda kaburini kwanza. Kisha yakaja kwangu. Tulitazamana hivyo, majani ya kunde bado yamemganda vidoleni.

"Umefunga boma?" aliniuliza hatimaye.

"Nimefunga," nikasema, na nikaona akishtuka.

Tangu jioni ile natafuta kitu kingine. Nimepitia rekodi zangu zote, za zamani hadi za jana. Nilipokuwa darasa la saba nilikuwa na sauti, mwalimu alinisimamisha nisome mbele ya wenzangu, kwa hiyo lazima ilikuwa nzuri au angalau ya kusikika. Sina hata neno lake moja. Nilirekodi mchi, mabati, maji, redio, susu, na kila mara mimi nilibana pumzi.

Jana nilimuuliza mama sauti yangu ilikuwaje. Aligeuka akanitazama, mikono ndani ya mboga.

"Wewe ulikuwa unanyamaza tu," alisema. Nikamuuliza tena, aseme chochote anachokumbuka, na safari hii hakugeuka kunitazama nilipokuwa nikiongea. Huko bomani kengele za shingoni zililia kidogo, mbuzi wakiinua vichwa.